Kibahasha Kisicho na Jina

Huku Leicester baridi ni ile ile, lakini leo nina hasira.

Binamu yangu kanitumia picha ya dawa zake za pumu. Vidonge vyeupe ndani ya kibahasha cha nailoni, juu kimeandikwa kwa kalamu: 2x1. Jina la dawa hakuna. Kameza miezi kadhaa, kifua kikatulia, akaacha siku hiyo hiyo. Ikawa anatapika, tumbo linamkata, akisimama anaona giza. Malaria kapimwa, hana. Shangazi kashaanza kutaja majirani.

Shangazi, waache majirani. Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha na sukari mwili unapougua. Ukimeza steroidi kama prednisolone wiki nyingi, tezi hizo zinalala, maana kazi yao inafanywa na kidonge. Ukiacha ghafla hazijaamka bado. Ikija homa kidogo tu, presha inaweza kuporomoka, na mtu anaweza kufa. Hospitali walipojua kuwa vidonge vya binamu ni prednisolone, walimchoma hydrocortisone na kumtundikia dripu. Kesho yake anadai ugali.

Huku, mtu wa dawa hizo hutembea na kadi ya dharura kwenye pochi. Mwaka 2020 hospitali za umma za Uingereza ziliagizwa kuigawa. Ukizimia barabarani, kadi inakusemea: huyu achomwe hydrocortisone miligramu 100 mara moja. Mwenzangu kazini ana ugonjwa wa Addison, ule alioueleza Dk. Thomas Addison wa London mwaka 1855. Tezi zake hazifanyi kazi kabisa. Sindano yake iko kwenye droo, na sote tumeonyeshwa pa kuchoma: pajani, kwa nje. Kwetu, mtu anaficha dawa hata mkewe asijue!

Kwa hiyo, dukani usiondoke bila jina la dawa kuandikwa. Steroidi ulizotumia zaidi ya wiki tatu hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari. Muulize mapema uongeze kiasi gani ukipata homa. Wengi huambiwa wazidishe mara mbili. Ukitapika kidonge, usingoje kupambazuke: nenda hospitali, useme mapokezi, “Natumia steroidi, nahitaji hydrocortisone.” Wasingoje majibu ya vipimo ndipo wachome. Kadi kama huna, kipande cha daftari kinatosha, kikae pamoja na kitambulisho.

Na nyie dada zangu wa mkorogo na vidonge vya kunenepa, msijifanye barua hii haiwahusu. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali zinazopenya ngozi, na dexamethasone mnayouziwa iwape mashavu ni ukoo huo huo. Mkilazwa, mwambieni daktari. Mume akiwa amesimama pale, mtumeni akanunue maji.