Kusoma Mashimo ya Mfalme Sulemani Nikiwa Laela

Hadithi tamu humteka msomaji hata akasahau kuuliza maswali. Mojawapo ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard iliyotoka mwaka 1885 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929. Niliisoma hapa Laela nikiwa kidato cha nne, na kwa siku tatu sikutamani kitabu kingine.

Kisa ni cha safari. Mwindaji Allan Quatermain na wenzake wawili wanavuka jangwa na milima kumtafuta ndugu wa mmoja wao, aliyepotea akitafuta almasi. Kiu nusura iwaue, vita vinapiganwa, na Umbopa, waliyemchukua kama mtumishi, anadhihirika kuwa mfalme halali wa nchi wanayoifikia.

Hata hivyo, jambo moja sikulikubali. Katika nchi hiyo kuna barabara kuu ya kale. Wenyeji wakiulizwa aliyeijenga, hawajui. Wageni wanakisia kuwa ni kazi ya watu waliotoka mbali. Yaani Mwafrika anaweza kupigana na kutawala, lakini kujenga hawezi!

Wazungu wengi wa zama zile waliamini hivyo hata kuhusu magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu. Mwaka uleule wa 1929, mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba huko na kuonesha kuwa wajenzi walikuwa Waafrika.

Sisi wa Ufipa tuna ushahidi wetu. Katika uwanda huu yamebaki masalia ya malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa walitumia kuyeyushia chuma. Babu alinieleza kuwa malungu hayakuhitaji mivukuto, kwa sababu hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, kusafisha chuma kabla ya kufua majembe na shoka. Aliyebuni hayo hakuwa mgeni.

Je, kitabu kitupwe? Kwangu, hapana. Ndani yake mna ujasiri, uaminifu wa marafiki na jambo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: Umbopa akishatawazwa anakataa wafanyabiashara wenye bunduki na pombe wasiingie nchini mwake. Mwandishi aliyewanyima watu hao barabara yao alimpa mfalme wao maneno ambayo wazee wetu wengi wangeyaunga mkono.

Ndugu mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu msimamo wa mwandishi, usiishie kusema kitabu ni kizuri au kibaya. Taja alichokiona, taja alichokificha, kisha toa ushahidi kutoka kitabuni na kutoka katika mazingira yako. Kusoma hivyo hakuondoi utamu wa hadithi. Kunakupa haki ya kuijibu.