Kompyuta Ilipokataa Mtandao Nyumbani

Akina mama wenzangu, zamani kijana aliyemaliza shule alijaza fomu kwa kalamu, akaitia ndani ya bahasha na kuipeleka posta. Siku hizi mambo mengi ya watoto wetu hupitia kwenye mtandao. Kwa hiyo kompyuta ikigoma, si shida ya mafundi na vijana peke yao. Ni shida ya nyumba nzima, nasi tunapaswa kujua walau pa kuanzia.

Nasema hivi kwa sababu ya yaliyotupata mwaka 2023. Binti yetu alikuwa amemaliza kidato cha sita, naye alitakiwa kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Maombi hufanyika kwa mtandao, pamoja na viambatisho kama cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kwa mshahara wa baba yake na mradi wangu wa kuku, bila mkopo chuo kisingewezekana. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Mdogo wangu alikuwa ametupatia kompyuta ya mpakato aliyokuwa akiitumia ofisini. Tuliiwasha, tukaandika neno la siri la Wi-Fi ya nyumbani, ikalipokea. Alama ilionyesha kwamba imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Chini yake palikuwa na maneno kwamba hakuna intaneti.

Nyumba ikachafuka. Mume wangu alisema kijana wetu amemaliza kifurushi kwa kutazama mpira. Kijana akaapa kwamba hajagusa kitu. Binti alikuwa chumbani analia. Fundi mmoja, tulipomweleza kwa simu, alijibu bila hata kuiona kompyuta kwamba kadi ya Wi-Fi imekufa, tupeleke shilingi 70,000.

"Baba," nilimwambia mume wangu, "kabla hatujatoa hela wala kumlaumu mtoto, tujue kwanza ugonjwa uko wapi."

Umeme ukikatika, wengi wetu huchungulia kwanza kwa jirani kabla ya kugusa nyaya. Nilifuata njia hiyo hiyo. Nilichukua simu yangu, nikazima data ya laini ili ibaki na Wi-Fi peke yake, maana simu yenye data inaweza kufungua kurasa hata kama mtandao wa nyumbani umekufa. Kurasa zikafunguka. Basi kifurushi kilikuwapo, na kijana akawa huru palepale.

Tuliizima ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, tukangoja nusu dakika, tukaiwasha tena. Kompyuta ikaendelea kugoma. Tukaiunganisha na intaneti ya simu ya mume wangu, ikagoma vilevile. Hapo tukajua kwamba kosa liko ndani ya kompyuta. Hata hivyo kadi haikuwa imekufa, kwa kuwa kadi iliyokufa isingeuona hata mtandao mmoja.

Nikampigia mdogo wangu simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kompyuta yako inatutesa huku."

Aliponisikiliza, aliniambia nifungue mipangilio ya Wi-Fi nimsomee namba ya anwani. Ilianza na 10. Akacheka. "Dada, hiyo ni namba ya ofisini kwetu! Wataalamu waliiandika kwa mkono. Iambie ijipatie yenyewe."

Alinieleza hivi. Kila kifaa kwenye mtandao lazima kiwe na namba yake ya anwani. Ruta za nyumbani kwa kawaida hugawa namba hizo zenyewe, na mara nyingi zinaanza na 192.168. Kompyuta yetu haikuomba namba, kwa sababu ilikuwa bado imeshikilia ile ya zamani. Ni kama mtu aliyehama mji lakini anaendelea kutoa sanduku la posta la kule alikotoka. Majibu hayatamfikia.

Tulibadilisha mpangilio kutoka wa mkono kwenda wa otomatiki, na mstari wa DNS vivyo hivyo. Kazi hiyo haikuzidi dakika tano, wala haikugharimu hata senti. Ukurasa wa kwanza ulipofunguka, binti aliacha kulia. Maombi yalikwenda siku mbili kabla ya mwisho, na mwaka huo huo alianza chuo kwa mkopo.

Mama mwenzangu, yakikufika, pima kwa utaratibu. Simu ikikataa pia kwa Wi-Fi, tazama kifurushi na ruta. Simu ikikubali, tazama kompyuta: alama ya ndege isiwe imewashwa, na neno la siri liandikwe upya. Namba ya anwani ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imeomba namba ikakosa, ikajipa yake. Kurasa zikidai kwamba si salama, angalia kama tarehe ya kompyuta ni sahihi. Na mtu akikupa kompyuta iliyotoka ofisini, muulize mapema kama namba zake ziliandikwa kwa mkono.

Fundi aitwe baada ya hapo. Lawama nazo zisubiri, kwani mtoto aliyeshtakiwa bure hasahau upesi.