Ubao usio na ukuta

Nimekuwa kimya, kazi zilinibana. Na kwa kuwa wengi mnaniuliza hiyo kazi ya kubandika vikaratasi kwenye kompyuta ni kazi gani, leo nawajibu wote kwa mpigo.

Chukua ubao wa darasani, uweke kwenye intaneti, usiwe na mwisho wala chaki. Mimi niko Johannesburg, wenzangu wako Nairobi na Dar, na wote tunaandika kwa wakati mmoja. Kila mtu ana kishale chenye jina lake, unakiona kinavyotembea. Programu za namna hii ni nyingi. Miro, kwa mfano, ilianza mwaka 2011 ikiitwa RealtimeBoard, ikabadili jina 2019. Google nao walikuwa na Jamboard, wakaifunga Desemba 31, 2024. Kwa hiyo nakala ya kazi yako iweke na kwingine, maana ubao wa kuazima una mwenyewe.

Uzuri wake? Nyie mnajua mikutano yetu: mkubwa akishasema, wadogo tunatikisa vichwa tu. Kwenye ubao tunapewa dakika 5, kila mtu anaandika vikaratasi vyake bila jina, ndipo tunasoma pamoja. Juzi kimoja kilisema, "Mteja hajawahi kuomba kitu hiki." Kimya! Tukaenda kumuuliza mteja, na kweli hajaomba. Mdomoni mwa mtu maneno hayo yasingetoka.

Ubaya wake ni umeme. Mwaka 2023 mgao hapa Afrika Kusini ulitokea siku nyingi kuliko mwaka wowote kabla yake. Umeme ukikatika, kishale cha mtu kinaganda, kisha kinapotea, na wenzake wanaendelea kuamua kana kwamba hayupo duniani. Bongo nako mnayajua hayo. Ndiyo maana tukajiwekea sheria: hakuna uamuzi unaofungwa siku hiyohiyo. Vikaratasi vinalala, na aliyekatikiwa anaongeza lake kesho asubuhi.

Sasa lile swali gumu, ambalo mjomba hachoki kuliuliza: kama kazi yenyewe iko hewani, si urudi ukaifanyie nyumbani? Mjomba, ubao hauna mpaka, lakini mkataba unao. Mshahara unalipwa hapa, kodi inakatwa hapa, na kibali changu cha kuishi kinategemea kazi hii hii. Nikihama tu, vyote vitatu vinayumba. Hilo ndilo linaloniuma: kishale changu kinafika Dar kila siku, mimi mwenyewe sifiki.

Nimeshaomba niruhusiwe kufanyia kazi huko mwezi mmoja kila mwaka. Jibu bado. Likija zuri, mama, nitahitaji kona yenye mtandao mzuri, na tafadhali ukiniona nakodolea macho vikaratasi usinitume dukani. Niko kazini!

Haya, nanyi huko mnaendeleaje? Niandikieni. Alamsiki.