Mbili Zilizo Moja

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota au kuzimika kabisa katika sehemu kubwa ya Tanzania. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja katika bahari iliyo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tangu Seacom ilipofika mwaka 2009, na EASSy kuanza kazi mwaka uliofuata, tulijizoesha kuamini kwamba moja ikifa nyingine itatubeba.

Waya wa namna hiyo huungwa na meli maalumu, na aghalabu meli hiyo husimama juu ya kazi yake bila nanga. Kompyuta husoma setilaiti, dira na vipima upepo, kisha huamuru rafadha zisukume huku na kule hadi chombo kitulie palepale. Meli zilizochimba visima vya gesi katika bahari kuu ya kusini mwa nchi yetu, penye kina kinachozidi mita 2,000, zilitumia mfumo huohuo.

Kinachonivutia mimi si kompyuta bali masharti yake. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilitoa mwongozo mwaka 1994 na kuuhuisha mwaka 2017. Mashirika ya uainishaji wa meli, kama Lloyd's Register la Uingereza, DNV la Norway na ABS la Marekani, huwa na kanuni zao za ujenzi na ukaguzi zinazokwenda sambamba nao. Madaraja ni matatu. Katika la kwanza, hitilafu moja yaweza kuiondoa meli mahali pake. Katika la pili, jenereta moja au rafadha moja ikifa, meli haina budi kubaki ilipo. Katika la tatu, hata chumba kizima kikiteketea kwa moto au kujaa maji, meli isisogee. Ndiyo maana mitambo pacha hutenganishwa kwa kuta zinazozuia moto na maji. (Msomaji aliyeshuhudia Soko Kuu la Kariakoo likiungua tarehe 10 Julai 2021 hahitaji kuelezwa thamani ya ukuta.)

Tena haitoshi kuandika. Mwenye meli hutakiwa kuwasilisha uchambuzi wa kila namna ambayo mtambo waweza kuharibika, na matokeo yake. Kisha meli hupelekwa baharini, na mbele ya mkaguzi jenereta huzimwa kwa makusudi, nyaya huchomolewa, ili ionekane kama karatasi ilisema kweli.

Wiki ileile ya Mei nilikuwa Gerezani, kwa fundi mmoja mzee anayesuka upya mota na kutengeneza jenereta. Vijana wa duka la jirani walikuwa wakilalamika kwamba picha za vipuri haziwafikii wateja wa mikoani. Nilipomweleza mzee habari ya madaraja yale, aliuliza swali moja tu: "Hizo jenereta mbili, mwalimu, zinakunywa tangi moja?" Akanisimulia juu ya mteja wake aliyekuwa na jenereta ya pili ya akiba, mpya kabisa, iliyozimika dakika chache baada ya ile ya kwanza. Dizeli iliyochanganyika na maji ilikuwa imeziingia zote mbili.

Swali la mzee ndilo roho ya kanuni zile. Akiba inayotegemea tangi moja si akiba, na nyaya mbili zinazopita bahari ileile huhesabiwa mbili katika ripoti tu.

Nisiwafanye wakaguzi wa meli kuwa malaika. Mashirika haya hulipwa na mwenye meli anayekaguliwa, na mgongano huo wa maslahi umelalamikiwa miaka mingi. Lakini nyuma yao wamo wenye bima na wakodishaji, ambao cheti kikidanganya watapoteza fedha zao wenyewe. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, waliopoteza walikuwa watu waliokuwa ndani yake.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa nina pendekezo dogo. Mkataba ujao wa mfumo wowote wa serikali wenye "akiba" uwe na kifungu kinachotaka mfumo mkuu uzimwe Jumatano saa nne asubuhi, wananchi wakiwa kwenye foleni, mkaguzi akiwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi.