Vidonge Viwili Kwenye Chupa

Kutoka Louisville hadi Columbus ni saa tatu na kidogo kwa gari, ukipitia Cincinnati. Nilisafiri na mama mdogo, mgonjwa wa presha. Chupa yake ilibaki na vidonge viwili. Mapokezi ya kliniki yake yalishamwambia: haongezewi dawa bila kuonana na daktari, na nafasi ni baada ya wiki tano. Kwetu Bukavu angepeleka chupa tupu dukani akauziwa. Sisemi ni utaratibu mzuri, ila presha haijui miadi.

Columbus, karibu na Morse Road, tuliingia duka la dawa. Ilikuwa Jumamosi, daktari hapatikani. Mfamasia akatutajia Sheria ya Kevin, iliyopitishwa Ohio mwaka 2015. Kevin alikuwa na kisukari. Mwisho wa 2013 cheti chake cha insulini kilikuwa kimekwisha muda na daktari hakupatikana. Januari 2014 alifariki. Leo mfamasia wa Ohio anaweza kukupa dawa ya kudumu hata ya mwezi mzima, mradi duka lina kumbukumbu zako. Mama alichukulia dawa tawi la Louisville la duka hilohilo, kompyuta ikamwonyesha. Akapewa.

Buffalo tulipokewa na theluji na dada yake. Huyu chupa zake huzisoma: lebo inaonyesha umebakiza mara ngapi za kuongezewa. Ikibaki moja, anapiga simu kliniki siku hiyohiyo.

“Na wewe, dada,” akamwuliza mama mdogo, “yako inasema ngapi?”

Wakaanza kutafuta miwani.