Cherahani Niliyoinunua kwa Mizani

Khabari hii ilianza asubuhi ya Jumamosi moja katika mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, mbele ya nyumba alimopanga mjane mmoja ambaye mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa viatu. Nilikuwa natoka sokoni na kikapu changu, nikamwona mnunuzi wa vyuma chakavu amesimamisha mkokoteni wake, mizani ya kuning'iniza ameitundika katika tawi la mwarobaini, naye ameinamia cherahani ya marehemu akitafuta mahali pa kuitia kulabu. Nikasimama. Cherahani ile naijua tangu zamani, kwani ndiyo iliyoshona makubadhi niliyoyavaa siku ya arusi yangu, na mikoba ya ngozi ya kutilia juzuu ambayo baadhi ya wanafunzi wangu wanayo hata leo.

Tangu mwenyewe alipofariki ilikuwa imekaa uani miaka miwili chini ya kipande cha bati, na hewa yetu ya pwani haina huruma na chuma. Ilikuwa nyekundu kwa kutu, na kuku walikuwa wakilala juu ya meza yake. Ikapimwa pamoja na miguu yake ya chuma, ikatoka kilo 48. Kwa shilingi 800 kila kilo, ni shilingi 38,400. Nikaona uchungu, nikamwambia yule mnunuzi aiache, nikampa Bi mjane shilingi 50,000. Akashukuru, jirani zake wakaniombea dua, nami nikenda zangu nikiona kuwa nimetenda jambo la kheri.

Lakini kabla sijatoa fedha nilifanya kitu kimoja. Niliweka kidole juu ya gurudumu lake nikalisukuma, nalo likaitika kiasi cha unene wa ukucha. Nikajua kuwa cherahani haijafa. Nikanyamaza.

Labda msomaji hajapata kuiona cherahani ya namna hii. Ile ya kushonea nguo ina meno chini ya mguu wake, nayo meno hayo ndiyo yanayoisogeza nguo. Hii ya fundi viatu haina meno. Mguu wenyewe ndio utembeao: hukanyaga ngozi, huivuta, hunyanyuka, hurudi ulipotoka, hukanyaga tena. Tena mguu huo huzungushwa pande zote, hata fundi akaweza kushona kulia, kushoto au kurudi nyuma bila ya kukigeuza kiatu. Na badala ya ubao mpana chini ya sindano, ina mkono mwembamba mrefu ambao kiatu huvishwa juu yake kama soksi ivishwavyo mguuni, ili sindano ifike hata karibu na mahali pa vidole. Jina lake ni Singer, na aina yake ni 29K. Herufi K maana yake ni Kilbowie, kilipokuwa kiwanda cha Singer katika mji wa Clydebank, Uskochi, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Basi cherahani yetu, hata ikiwa ndiyo ya mwisho kutoka katika mlango wa kiwanda hicho, ni mtu mzima aliyekwisha kuoa na kuozesha.

Mimi si fundi. Elimu yangu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi, na vyombo nilivyokuwa navyo ni bisibisi mbili, spana moja na tupa. Mpwa wangu alinitafutia katika simu picha za cherahani kama hii ikiwa imefunguliwa, nikawa nazitazama kila usiku baada ya sala ya Isha. Siku ya kwanza nilikuwa na haraka. Parafujo moja ya ubavuni ilikataa, nikaikaza bisibisi kwa nguvu zangu zote, kichwa chake kikakatika. Tokea hapo nikawa natia mafuta ya taa katika kila parafujo, naiacha siku tatu au nne, kisha naigonga kwa nyundo ndogo, na ikikataa naiacha tena. Moja niliitia mafuta siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili ilifunguka kwa nguvu za vidole tu.

Kosa la pili linanisikitisha hata leo. Nikidhani naondoa uchafu, niliifuta kwa spiriti, na ile vanishi iliyoyahifadhi maua na herufi zake za dhahabu ikayeyuka na kuondoka pamoja na kitambaa. Sasa upande wake mmoja umebakia mweusi mtupu. Ilinipasa kutumia kitambaa chenye mafuta ya cherahani, basi.

Nilipofungua ndani nilikuta kuwa kutu nyingi ilikuwa ya nje tu. Kilichoizuia isizunguke ni kitu kama ulimbo, chenye rangi ya asali, kilichojaa katika kila tundu la kutilia mafuta. Nikakinusa, kikanuka nazi iliyochacha. Kumbe ilikuwa ikipakwa mafuta ya nazi, ambayo katika baridi ya kipupwe huganda, na yakikaa miaka hushikana na vumbi la ngozi yakawa gundi. Nilikitoa kwa mafuta ya taa, kwa mswaki mkuukuu, na kwa sindano katika yale matundu, kazi ya wiki tatu. Usiku ule gurudumu lilipozunguka duara zima nilikuwa peke yangu barazani, nikacheka kama mtoto.

Walakini kuzunguka si kushona. Sindano niliyotia kwanza ilikuwa ya nguo, ikavunjika. Sindano ya ngozi ina ncha yenye makali kama kisu kidogo, hujikatia njia yake. Nilipoipata hiyo, uzi ukawa unaruka mishono. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda, uzi huacha kitanzi kidogo ubavuni mwake, na papo hapo ncha ya kile chombo kichukuacho bobini hupita ndani ya kitanzi hicho. Ikiwahi kidogo au ikichelewa kidogo, hapana mshono. Nilikaa siku nyingi nikitafuta ubovu mkubwa, na ubovu wenyewe ni kuwa mimi sikuipandisha sindano mpaka mwisho wa tundu lake.

Ikabakia ila moja: mishono ilikuwa mifupi mno, hata nikiweka kipimo chake mwisho kabisa. Na mishono mifupi ni hatari, kwani matundu yakikaribiana ngozi hukatika juu ya mstari wake kama karatasi za stempu. Mkono mdogo wa chuma unaousukuma ule mguu ulikuwa umelika nchani kwa kazi ya miaka. Nikampelekea fundi wa kuchomelea, akaujaza kwa shaba, nami nikaupiga tupa siku mbili, nikiupachika na kuutoa, mpaka hatua ya mguu ikarudi kuwa ndefu.

Kwa majaribio nilinunua vipande vya ngozi ya mbuzi iliyodabighiwa. Na hapa naona niwaambie vijana wetu neno moja ingawa si khabari yenyewe: katika madhehebu ya Imam Shafi, ngozi ya mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa hutoharika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Basi anayeshona mkoba wa kutilia Msahafu na aulize kwanza ngozi ni ya mnyama gani, ndipo aulize bei.

Khabari zikaenea. Akaja fundi mmoja wa viatu kutoka upande wa pili wa mji, akaketi, akashona kipande, akauzungusha mguu pande zote, akanyamaza, kisha akasema yuko tayari kunipa shilingi 700,000. Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Usiku ule sikulala vizuri. Kwanza nilijitetea kwa fiqhi. Katika madhehebu yetu ghubni peke yake, yaani mtu kuuza kitu kwa bei ya chini kuliko thamani yake, haivunji biashara maadamu hapakuwa na udanganyifu. Nami sikumdanganya mtu. Bei niliyotoa ilikuwa zaidi ya ile ya mizani. Nikaridhika na jawabu hili siku mbili nzima. Siku ya tatu nilikuwa nasomesha mlango wa mirathi, na mtoto mmoja akasimama kutaja fungu la mke wa marehemu aliyeacha watoto: thumni, sehemu moja katika nane. Nikalisikia neno lile kana kwamba sijapata kulisikia maishani mwangu. Yule fundi aliacha mke, mwana wa kiume ambaye sasa ana miaka 14, na mabinti wawili wadogo. Cherahani ilikuwa ya nani, basi? Sehemu moja ilikuwa ya mama, na saba zilikuwa za mayatima.

Na mali ya yatima haiuzwi ila kwa maslaha yake na kwa bei ya kitu cha mfano wake, na auzaye awe ni msimamizi wake wa kisharia. Na mama, kwa madhehebu yetu, hawi msimamizi wa mali kwa umama wake tu. Haya ni mambo ninayoyasomesha mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kila mwaka. Bi mjane hakuyajua. Mimi niliyajua, na kidole changu kilikuwa kimejua zaidi.

Wala nisijisifu. Nilipokwisha kuyatambua haya nilikaa siku nne zaidi bila ya kwenda. Nilikuwa naipenda cherahani ile. Nilikuwa nikiamka kabla ya adhana ya Alfajiri ili niitie tone la mafuta.

Alhamisi baada ya Alasiri nilimchukua ndugu wa marehemu, tukapiga hodi. Yule kijana akatuamkia, "Shikamooni," akatuwekea mkeka. Nikaeleza yote, hata lile la kidole. Bi mjane alikuwa akichagua mchele katika ungo, hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Maalim," akasema, "siku ile nilikuona ulipolisukuma gurudumu."

Sikuwa na la kujibu.

"Nikasema moyoni, heri iende kwa atakayeizungusha kuliko kwenda kuyeyushwa. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa inatakiwa siku ile ile, na wewe hukuniuliza neno."

Ndugu wa marehemu alitaka iuzwe kwa zile 700,000, kila mtu apewe fungu lake. Kijana akasema kwa sauti ndogo kuwa yeye angependa kushona. Wakabishana kitambo, kwa adabu. Nikasema kuwa gharama zangu, shilingi 163,000, nimezisamehe pamoja na zile 50,000. Bi mjane akakataa kata kata. "Wanangu hawataki sadaka juu ya chuma cha baba yao," akasema. Ikakubaliwa kuwa cherahani irudi kwa watoto, ami yao awe msimamizi, nami nirudishiwe shilingi 213,000 kidogo kidogo, 5,000 kila wiki. Ikaandikwa, na imamu wa msikiti wetu akashuhudia. Ile siku mkokoteni ulipokuja kuichukua nyumbani kwangu niliingia ndani nikajifanya natafuta tasbihi.

Kijana anakwenda baada ya skuli kujifunza kukata ngozi kwa yule yule fundi aliyetaka kuinunua, ambaye alicheka sana aliposikia kisa chenyewe, akasema atangoja mpaka mtoto achoke. Mpaka leo hajachoka. Makubadhi yake ya kwanza niliyanunua mimi kwa bei kamili. La kushoto mshono wake umekwenda upande, na nikiyaacha mlangoni mwa msikiti sina wasiwasi kuwa yatabadilishwa. Wiki kumi na saba zimekwisha kulipwa, na mbili kati yake zilichelewa.

Juzi nilipita mbele ya nyumba yao nikasikia sauti ya cherahani imekuwa nzito kidogo. Nikaingia kutazama. Juu ya meza, karibu na sindano, pamewekwa kichupa cha mafuta ya nazi. Nikakitia mfukoni, nikamwachia changu.