Mchicha wa Uani

Nakuandikia wewe ambaye saa hizi hujui jioni utapika nini. Mimi nilikuwa hapo ulipo. Mwenyezi Mungu alinitoa, na naona si haki ninyamaze, maana nilipokuwa hapo nilitamani mtu mmoja tu aniambie kwamba kuna kutoka.

Tunaishi Kisauni, Mombasa, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Ukumbi uko katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua uliosakafiwa kwa saruji, wenye choo, bafu, kisima na kamba za kuanikia nguo. Vyumba viwili ni vyetu: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu. Nilikuwa dobi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Mume wangu alikuwa kibarua wa kupakia na kupakua mizigo kwenye maghala ya Changamwe. Hatukuwa na akiba ya kusema, lakini tulikula, tulilipa kodi, na watoto walikwenda shule na madrasa.

Machi 2020 korona ilipoingia nchini, wageni waliondoka. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwezi huo huo, hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, nasi tukaambiwa twende nyumbani tukangoje simu. Kafyu ikaanza. Aprili 8 njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Kaka yangu yuko Kaloleni, huko Kilifi, na kila nilipokwama yeye ndiye aliyeniletea mahindi na mihogo. Sasa hakuweza kuja. Mume wangu alitoka kila alfajiri kwa miguu, akavuka daraja la Nyali, akafika Changamwe, akarudi kabla ya kafyu mikono mitupu. Vibarua walikuwa wengi, mizigo haikutosha.

Tukaanza kupunguza. Samaki wakaondoka, kisha maziwa ya chai, kisha sukari. Mwenye duka alituandikia kwenye daftari mpaka siku aliyoniambia kwa upole, "Mama, na mimi nina watoto." Simlaumu hata kidogo. Alivumilia sana.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Misikiti ilikuwa imefungwa, tukasali tarawehe chumbani. Nilishukuru kwamba ni mwezi wa kufunga, kwa sababu aliyefunga haulizwi amekula nini. Watoto wangu wawili wakubwa walifunga wakajiona watu wazima, nami nikamshukuru Mungu kwamba njaa yao walau ilikuwa ibada. Lakini mdogo alikuwa bado ananyonya. Yeye hakujua Ramadhani. Na mimi, kwa kuwa nanyonyesha, dini iliniruhusu kula. Kula nini?

Jioni moja kuliadhiniwa Maghrib, mvua ya masika inanyesha. Tulifuturu kwa maji na tende moja moja alizotugawia jirani. Hakukuwa na kingine. Nikampakata mtoto. Akanyonya. Akaacha. Akalia. Nikambadilisha upande. Akanyonya tena. Akaacha. Maziwa hayakuwepo.

Nikampa bibi yake, nikatoka uani. Nikakaa chini kando ya bafu, mvuani. Nilitetemeka, na haikuwa baridi. Niliogopa asubuhi. Niliogopa usiku wenyewe. Niliwaza kumpeleka mtoto kwa mtu mwenye chakula, nimwache huko. Nikawaza na mengine. Sitayaandika. Sasa hivi nilipofika hapa niliweka kalamu, nikaenda jikoni kutazama kama unga upo. Upo. Lakini ilibidi niende nikautazame.

Mama mkwe alitoka na leso akanifunika kichwani. Hakunihubiria. Aliniambia, "Mwanangu, inuka. Mtoto anakutaka." Kisha akachukua simu ya mume wangu akampigia mwanawe mkubwa, shemeji yangu, ambaye ni seremala huko Magongo. Akamwambia maneno ambayo hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa ameyatamka: "Huku hatujala."

Asubuhi shemeji alifika anasukuma mkokoteni. Juu kulikuwa na unga, maharagwe na chupa ya mafuta. Chini yake kulikuwa na paleti kuukuu za mbao. Mama mkwe ndiye aliyemwagiza azilete, na mimi sikuelewa. Nilipika kwanza. Mtoto alipolala, nikatoka kuwatazama.

Uani kwetu hakuna udongo, ni saruji tupu. Nafasi iliyobaki ni kipande cha ukutani, upana wake hauzidi mlango. Kwa hiyo shemeji alikuwa ameamua kutengeneza masanduku. Alizikagua paleti moja moja. Zenye mhuri wa HT, yaani mbao zilizopashwa moto kuua wadudu, aliziweka upande. Zenye mhuri wa MB, ambazo zilifukizwa dawa ya sumu, na zile zenye madoa ya mafuta alizikataa, akasema hizo hazipandwi chakula. Yeye na mume wangu walizing'oa mbao, wakanyoosha misumari ile ile ya zamani kwa nyundo, wakapiga sanduku la kwanza: urefu futi tatu, upana futi moja na nusu, kina futi moja. Mbao za chini hawakuzibananisha. Waliacha nafasi ndogo ndogo maji yapate kutoka. Ndani wakatandika gunia, kisha sanduku likainuliwa juu ya matofali ili mbao zisikae kwenye maji ya kufulia yanayopita sakafuni.

Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu unaweza kuyafanya. Mbao si lazima ziwe nzuri. Mabanzi yanayotupwa kwenye mashine za kupasulia mbao yanafaa. Usiyapake oili chafu ya gari kuzuia mchwa, kwa maana itaingia kwenye udongo na kwenye chakula chako.

Chini kabisa mama mkwe aliweka makumbi ya nazi, ambayo kwetu yamejaa jalalani. Aliyaloweka kwanza kwenye maji matamu akayamwaga, akarudia, ili chumvi yake itoke. Makumbi hushika unyevu siku za jua na hulifanya sanduku lisiwe zito. Juu yake ukaja udongo mwekundu aliouleta mume wangu kwa ndoo, uliochanganywa na samadi kavu ya mbuzi wa jirani na majivu kidogo ya jiko. Shemeji alitaka kuongeza maranda ya karakana yake, mama mkwe akakataa: maranda mabichi yakiozea kwenye udongo hula rutuba, na mboga hugeuka manjano.

Kisha akafungua fundo la leso yake. Mlikuwa na mbegu za mchicha, nyeusi, ndogo mno. Alizichanganya na mchanga zisianguke mahali pamoja, akazinyunyiza, akafukia kidogo tu. Mimi nilisimama mlangoni. Sikuwa na imani na sanduku lile. Imani yangu ilikuwa kwa Mungu na kwa yule mwanamke.

Mchicha ulichomoza ndani ya siku chache. Mvua ya masika ilisaidia. Unga wa shemeji ulikuwa unaisha, na kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kutazama majani yale kwa tochi ya simu. Nikiri kwamba majani hayo ndiyo yaliyonitoa kitandani. Kabla ya hapo nilikuwa nikiamka kwa sababu ya hofu.

Karibu na Idi tulipunguza miche iliyosongamana, tukaosha, tukachemsha kwa chumvi na kitunguu kimoja, tukala na sima. Watoto walifuta sahani kwa vidole. Maziwa yangu hayakurudi kwa siku moja, yalirudi kidogo kidogo. Siku mtoto aliponyonya akashiba akalala mwenyewe, mama mkwe alisujudu pale pale ukumbini.

Shemeji aliendelea kuleta mbao kila alipozipata. Tukapiga masanduku mengine na kuyapanga kwa ngazi ukutani, la juu lisilinyime la chini jua. Tukaongeza sukuma wiki, spinachi, mabenda na matembele. Kulikuwa na maneno kidogo uani, kwamba tumechukua nafasi ya kuanika nguo na tutaleta mbu. Mume wangu aliwaonyesha kwamba maji hayatuami, na mama mkwe akaanza kumpelekea kila mpangaji fungu lake. Wengine leo wana masanduku yao. Mwenye nyumba alikuwa anatudai kodi, na kila alipopita nilijificha chumbani. Alikubali tulipe kidogo kidogo. Mungu amzidishie.

Kuku walichakura miche, tukafunika kwa chandarua kilichochanika. Vidukari walivamia sukuma wiki, tukatwanga majani ya mwarobaini, tukayaloweka usiku kucha, tukachuja, tukatia sabuni kidogo na kunyunyizia jioni.

Kilichonitisha kweli ni chumvi. Wewe wa Mombasa unajua maji ya visima vyetu. Mvua zilipokwisha, nilianza kumwagilia maji ya kisima, na kufikia kiangazi cha baada ya mwaka mpya udongo ulikuwa umefanya ukoko mweupe juu na ncha za majani zimeungua. Usiku ule sikulala. Nilijiona nimerudi pale pale kando ya bafu. Asubuhi mama mkwe aliniambia tuanze kukusanya maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia mboga, ambayo ni ya mtungi wa kununua, yasiende bure. Mchicha tukaupa hayo. Spinachi ilivumilia maji ya kisima kuliko mboga nyingine. Na masika yaliporudi, mvua iliosha chumvi ikatoka kwa zile nafasi za chini. Masanduku hayakufa.

Njia zilikuwa zimefunguliwa Julai 2020, na kaka yangu alifika na gunia la mahindi begani. Tulilia sote. Hoteli iliniita tena baadaye, kwa siku chache kwa wiki. Mume wangu alipata vibarua. Sitakudanganya kwamba masanduku peke yake yalitulisha. Unga ulitoka kwa ndugu, kodi ilitoka kwenye jasho la mume wangu. Lakini mboga hatujanunua tena, na mafungu ninayowauzia majirani ndiyo yanayonunua sabuni na daftari za watoto. Ukienda soko la Kongowea na pesa ya fungu moja mkononi, huku mna watu sita nyumbani, ndipo utajua hilo si jambo dogo.

Hofu haijaisha yote. Mlango ukigongwa asubuhi na mapema, moyo hunienda mbio. Unga ukifika nusu ya pakiti, nanyamaza bila kujua kwamba nimenyamaza, mpaka mume wangu anishike bega. Nimemwomba Mungu aniondolee, naye ananiondolea polepole.

Mdogo yule sasa anakwenda shule. Ndiye anayemwagilia sanduku la chini.

Ndugu yangu, kama leo hujala, mwambie mtu wako leo. Mpigie mama, shemeji, jirani, imamu au mchungaji wako, useme waziwazi kama alivyosema mama mkwe wangu. Kisha tafuta sanduku. Kreti la soko litatosha, na hata ndoo iliyopasuka. Matembele hayahitaji hata mbegu: omba vipande vya mashina kwa mwenye nayo, kila kimoja urefu wa mkono wa mtoto, ukichomeke kwenye udongo wenye unyevu jioni hii jua likishatua. Majani ya kwanza utayachuma kabla ya mwezi wa pili kuandama. Usingoje upate shamba.